Trikoderma: kuvu inayolinda mizizi ya nyanya, na mahali inaposhindwa

Mkulima wa nyanya akiona mimea yake imeanza kulegea, kwa kawaida huenda agroveti na kuuliza, "Nipulizie nini?" Miaka hii jibu analopewa mara nyingi ni pakiti au chupa yenye jina Trikoderma. Anaambiwa ni dawa ya kibayolojia, haina sumu, itasafisha udongo. Anarudi shambani, anamwagilia mimea ambayo tayari imeinamisha vichwa, na baada ya wiki mbili shamba limekauka vilevile. Tangu siku hiyo anawaambia majirani kwamba dawa hiyo ni ya uongo.

Bidhaa yenyewe huenda ilikuwa nzima kabisa. Tatizo ni kwamba Trikoderma hufanya kazi ya askari wa zamu, na askari huajiriwa kabla mwizi hajaingia. Ikitiwa mapema, mahali panapofaa, dhidi ya ugonjwa inaoumudu, hupunguza hasara kwa kiasi kinachoonekana. Ikitiwa baada ya mmea kuugua, ni pesa iliyomwagwa ardhini. Somo hili ni kwa wakulima wa nyanya na mboga wa kaunti yetu, hasa wa mashamba ya mifereji ya Taveta na wa vitalu vya Wundanyi, ili kabla ya kufungua pochi mjue mnanunua nini.

Kuvu inayokula kuvu

Kuvu ni jamii moja na uyoga na ule ukungu unaoota kwenye mkate wa juzi. Nyingi hazina madhara. Kazi yao ni kuozesha majani na miti iliyokufa. Chache huingia kwenye mizizi ya mimea hai na kuiua. Trikoderma ni ya lile kundi la kwanza, ila ina tabia ya ziada: hushambulia kuvu wenzake.

Tabia hiyo ilijulikana zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka wa 1932 mtafiti Richard Weindling, akifanya kazi California nchini Marekani, aliandika jinsi Trikoderma inavyojizungusha kwenye nyuzi za Rizoktonia, mojawapo ya kuvu zinazoangusha miche kitaluni, na kuziua. Baadaye ikajulikana kwamba hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha ngozi ya adui, kisha hunyonya kilichomo ndani.

Lakini kula adui ni sehemu tu ya kazi. Pengine iliyo kubwa zaidi ni kuwahi nafasi. Mzizi mchanga hutoa sukari kidogo kidogo kwenye udongo unaouzunguka, na vijidudu vyote vya karibu hukimbilia chakula hicho. Trikoderma hukua haraka. Ikifika kwanza, huufunika mzizi na kula ile sukari, na kuvu ya ugonjwa inapoamka hukuta kiti kimekaliwa. Tena mmea wenyewe, ukishaguswa na Trikoderma, huamsha kinga zake kana kwamba umeonywa. Mara nyingi hata mizizi huongezeka.

Ukiangalia haya utaelewa kwa nini wakati ndio kila kitu. Mzizi ambao umekwisha kuingiliwa hauna nafasi ya kuwahi tena. Ugonjwa uko ndani ya mishipa ya mmea, na Trikoderma iko nje.

Wala si kitu kigeni kilichotoka ng'ambo. Imo katika udongo wetu, hasa wa msituni na penye mboji nyingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliichunguza Trikoderma katika udongo wa Embu, na Milima yetu ya Taita ilikuwa miongoni mwa maeneo ya utafiti huo wa uhai wa chini ya ardhi. Udongo uliolimwa miaka mingi bila samadi na kumwagiwa dawa za ukungu kila msimu huwa na vijidudu vichache vya kusaidia. Unachonunua dukani ni jamii zilizochaguliwa kwa ukali wao na kuzalishwa kwa wingi.

Kwanza ujue unapambana na nani

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Nyanya inayonyauka inaweza kuwa na magonjwa manne tofauti, na Trikoderma haifai kwa yote.

Mnyauko fuzari huja polepole. Majani ya chini hugeuka manjano kwanza, mara nyingi upande mmoja wa mmea, hata jani moja likawa nusu kijani na nusu manjano. Mchana mmea hulegea, jioni hujirudi, na hali hiyo huendelea siku kadhaa. Ukipasua shina kwa urefu utaona mstari wa kahawia chini kidogo ya ganda. Ugonjwa huu ni wa kuvu, na Trikoderma inaweza kuuzuia ikitangulia.

Mnyauko bakteria hauna subira. Mmea ulioonekana mzima Jumatatu unaweza kuwa umelala Alhamisi, majani yakiwa bado ya kijani. Huu husababishwa na bakteria. Trikoderma haitakuokoa nao, na dawa za ukungu pia hazitakuokoa, hata ukirudia mara ngapi.

Kuna njia ya kuitofautisha hii miwili ambayo haigharimu kitu. Chukua glasi safi isiyo na rangi, ijaze maji safi. Kata kipande cha shina la mmea ulionyauka, kama urefu wa kidole, kutoka karibu na ardhi. Kishike au kifunge kwa uzi kining'inie, ncha ya chini ikiwa ndani ya maji bila kugusa sakafu ya glasi. Usitikise. Subiri dakika tano hadi kumi huku ukitazama dhidi ya mwanga. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikiteremka kutoka kwenye shina, hiyo ni bakteria. Maji yakibaki meupe na shina lina mstari wa kahawia, dhana ya fuzari inapata nguvu. Fanya kwa mimea mitatu au minne kutoka sehemu mbalimbali za shamba, maana shamba moja linaweza kuwa na yote mawili. Maji ya glasi yamwage mbali na shamba, na kisu ukioshe kwa maji yenye dawa ya klorini.

Ugonjwa wa tatu hukaa penye shingo ya mmea, pale shina linapokutana na udongo. Utaona utando mweupe kama pamba, na ndani yake vipunje vya kahawia vidogo kama mbegu za haradali. Huu hupenda joto na unyevu, kwa hivyo Taveta huujua kuliko Werugha. Ni kuvu, na Trikoderma huimudu kiasi, lakini vile vipunje hukaa ardhini miaka kadhaa. Ng'oa mmea pamoja na udongo wa shingoni na uutoe shambani.

Wa nne unaonekana ukichimba. Ng'oa mmea kwa jembe, usivute kwa mkono, uoshe mizizi. Ikiwa ina vinundu kama shanga zilizokwama, hao ni minyoo midogo ya mizizi isiyoonekana kwa macho. Kuna kuvu nyingine inayokula mayai ya minyoo hao, na huuzwa kwa jina la Papureosiliamu, ambayo zamani ilijulikana kama Pesilomaisi. Hiyo ndiyo uulizie, ama bidhaa inayochanganya zote mbili. Usiache kutazama mizizi hata kama umekwisha ona dalili za fuzari, kwa sababu minyoo ikitoboa mizizi humfungulia fuzari mlango.

Magonjwa ya majani, kama lile baka jeusi linaloteketeza shamba wakati wa baridi na ukungu, si ya udongo na hayamo katika somo hili.

Kitalu ndicho mahali pa kuanzia

Mkulima akiniambia ana pesa ya pakiti moja tu, nitamwambia aitie yote kitaluni. Hesabu yenyewe ni hii. Nyanya zikipandwa kwa nafasi ya sentimita 90 kwa 60, ekari moja huchukua mimea kama 7,500. Otesha miche 8,000 ili uwe na akiba. Kwenye mistari iliyoachana sentimita 15, mche mmoja kila sentimita 4, miche hiyo yote inatosha kwenye vitanda vitano vya mita 1 kwa 10, yaani mita 50 za mraba hivi. Ekari ina zaidi ya mita 4,000 za mraba. Kulinda miche ikiwa kitaluni ni kulinda eneo dogo mara 80, na mche ukihamishwa huenda na mlinzi wake kwenye mizizi.

Kitaluni ndiko pia miche huanguka. Unalala imesimama, unaamka imelala kwa mafungu, shingo imekuwa nyembamba kama uzi na imegeuka kahawia. Rizoktonia na Pithiamu ndizo hufanya hivyo, na kwa hizi mbili Trikoderma ina sifa nzuri ya miaka mingi. Lakini Pithiamu hupenda maji yaliyotuama. Kitanda kisichoinuliwa, kinachomwagiliwa asubuhi na jioni na kufunikwa na kivuli kizito, kitaangusha miche hata ukimwaga chupa nzima. Inua kitanda sentimita 15 hadi 20, mwagilia asubuhi, punguza kivuli miche ikishatoa majani ya kweli, na usisie mbegu kama unalisha kuku.

Utaratibu tunaoupendekeza ni huu. Siku chache kabla ya kusia, changanya bidhaa na udongo wa juu wa kitanda kwa kipimo cha lebo, kisha nyunyizia maji ili kuvu iamke. Sia mbegu. Ikiwa lebo inaruhusu, rudia kwa kumwagilia miche ikiwa na majani mawili ya kweli. Siku ya kuhamisha, chovya mizizi kwenye ndoo yenye mchanganyiko kabla ya kupanda, au mimina kiasi kwenye kila shimo. Baada ya hapo lebo nyingi huelekeza kurudia shambani kila baada ya wiki kadhaa, kwa sababu kuvu hupungua udongo unapokauka au kuchimbuliwa.

Jambo moja kuhusu mbegu. Mbegu nyingi za dukani zimepakwa dawa ya ukungu, ndiyo ile rangi ya waridi au buluu unayoiona. Usizipake Trikoderma juu yake. Itie kwenye udongo. Kwa maharagwe ya mbegu yako mwenyewe, yasiyo na rangi, unaweza kuyalowesha kidogo kwa maji, ukayapaka unga wa Trikoderma, ukayaanika kivulini na kuyapanda siku hiyohiyo. Wakulima wa maharagwe milimani wanaosumbuliwa na mizizi kuoza wajaribu hivyo kwenye mistari michache kwanza.

Samadi ndiyo nyumba yake

Kuvu iliyo hai inahitaji chakula na unyevu. Ukiimwaga kwenye udongo mkavu, mtupu, saa saba mchana, umeiua mwenyewe. India, ambako wakulima wameitumia kwa muda mrefu, kipimo kinachojulikana sana ni kilo 1 ya unga wa Trikoderma kwa kilo 100 za samadi iliyooza vizuri. Huchanganywa, hunyunyiziwa maji hadi ukikamua kwa ngumi isitiririke bali ishikane, hufunikwa kivulini na kugeuzwa kila baada ya siku chache, kwa wiki moja hadi mbili. Kuvu huzaana humo kabla ya kwenda shambani. Samadi iwe imeoza na kupoa. Ile inayotoa moshi ukiifukua bado ni moto na itaunguza kuvu pamoja na mizizi. Kisha tia konzi moja au mbili katika kila shimo la kupandia.

Matandazo ya nyasi kavu husaidia pia, hasa Taveta na Voi ambako udongo ulio wazi huchemka mchana. Trikoderma hustawi vizuri kwenye joto la nyuzi 20 hadi 30, na hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Mashamba ya milimani yana bahati hiyo ya uchachu. Sehemu za Taveta zenye udongo wa chumvichumvi, ule unaoacha unga mweupe juu maji yakikauka, hazitaipa nguvu sana. Huko samadi ni ya lazima zaidi kuliko kwingine.

Kinachoiua

Dawa ya ukungu haichagui kuvu mbaya na kuvu nzuri. Ukimwagilia shinani dawa ya shaba au ya kundi la kabendazimu leo na Trikoderma kesho, umelipia vitu viwili vinavyouana. Lebo nyingi hutaka wiki moja hadi mbili kati yao, soma yako. Dawa za ukungu za majani zina madhara madogo ikiwa hazitiririki hadi udongoni, lakini usizichanganye kwenye pampu moja. Pampu yenyewe ya mgongoni ioshwe mara tatu, na ikiwezekana uwe na ndoo na kopo la pekee kwa ajili ya kazi hii.

Maji ya bomba yana klorini. Yaweke kwenye ndoo wazi usiku kucha kabla ya kuchanganyia. Maji ya mto, chemchemi au mfereji hayana shida hiyo. Changanya kiasi utakachomaliza siku hiyo, tumia jioni, na udongo uwe na unyevu.

Ingawa bidhaa hizi haziachi sumu kwenye nyanya wala hazidhuru nyuki, unga wake ni mwepesi na hupeperuka. Vaa barakoa na glavu. Mwenye pumu amwachie mwingine kazi ya kuchanganya. Na anayekuza uyoga asiihifadhi wala kuichanganya karibu na banda lake, kwa kuwa Trikoderma haijui kwamba uyoga ule ni wa biashara. Kwa wakulima wa uyoga ukungu huu wa kijani ni adui mkubwa.

Kununua

Kwenye lebo tafuta nambari ya usajili inayoanza na PCPB(CR). Hiyo hutolewa na bodi ya taifa ya kudhibiti dawa za wadudu na magonjwa ya mimea, na bidhaa isiyo nayo haijapimwa hapa Kenya. Tazama jina kamili la kuvu na idadi ya spora, yaani mbegu zake, kwa gramu au mililita. Bidhaa nzuri hutaja idadi hiyo kwa mamilioni au mabilioni. Tazama tarehe ya mwisho. Kisha tazama rafu yenyewe. Ikiwa pakiti imekaa dirishani inapigwa na jua la Voi tangu mwezi uliopita, tarehe iliyoandikwa haina maana tena, kwa kuwa ndani yake kulikuwa na kitu hai. Uliza kama wana nyingine ndani, mahali pa baridi. Nyumbani iweke chumba chenye ubaridi, na usinunue ya misimu miwili kwa sababu ya punguzo la bei.

Kuna video nyingi zinazofundisha kupika wali, kuuacha uote ukungu wa kijani na kuuita Trikoderma. Tunawasihi msifanye hivyo nyumbani. Kuvu ya Aspajilasi, inayotengeneza sumu ya aflatoksini, nayo huota kijani kwenye wali na mahindi, na kwa macho hutaweza kuzitofautisha. Mwaka wa 2004 aflatoksini kwenye mahindi iliua watu 125 katika maeneo ya mashariki mwa nchi, Makueni na Kitui zikiwa zimeathirika zaidi. Kuzalisha Trikoderma safi ni kazi ya maabara.

Ardhi ambayo imekwisha kuchafuka

Fuzari hukaa udongoni miaka mingi bila nyanya hata moja, ikiwa imejifungia ndani ya ganda gumu. Trikoderma huipunguza, haiimalizi. Kwa hivyo shamba lililopoteza nusu ya mimea msimu uliopita linahitaji zaidi ya pakiti.

La kwanza ni aina ya mbegu. Kwenye pakiti ya mbegu tafuta alama ya ustahimilivu dhidi ya fuzari, ambayo huandikwa F au Fol, pengine ikifuatana na V na N. Na tafadhali, F1 si alama hiyo. F1 maana yake ni mbegu chotara tu, na chotara nyingi hunyauka vizuri sana. Mkulima mwingi amelipa bei ya juu akidhani amenunua kinga.

La pili ni kubadilisha mazao. Mahindi, vitunguu na sukuma wiki hupumzisha udongo dhidi ya fuzari ya nyanya. Ikiwa glasi ilionyesha bakteria, basi pia viazi, biringanya, pilipili na hata managu visipandwe hapo, kwani vyote ni ndugu wa nyanya na bakteria hao huvila.

La tatu linafaa nyanda za chini zaidi ya milimani. Kati ya Januari na Machi, kabla ya masika, jua letu lina nguvu ya kuua vimelea vingi. Lima, sawazisha, mwagilia mpaka udongo uloe, kisha utandaze nailoni inayopitisha mwanga na kuzika kingo zake ili hewa isipite. Iache wiki nne hadi sita. Njia hii ilielezwa na Jaacov Katan na wenzake nchini Israeli mwaka wa 1976. Nailoni nyeusi haifanyi kazi sawasawa. Kwa ekari nzima gharama ni kubwa, lakini kwa udongo wa kitalu inawezekana kwa kila mtu. Mara tu ukiiondoa, tia samadi yenye Trikoderma. Udongo uliopikwa na jua hauna wenyewe, na anayeingia kwanza ndiye anayemiliki.

Maji ya mfereji

Wakulima wanaogawana maji ya Njoro na Lumi hawana namna ya kulinda shamba moja peke yake. Maji yanayopita kwenye mizizi iliyooza ya shamba la juu hubeba fuzari na bakteria hadi shamba la chini. Mara nyingi mimea iliyong'olewa hutupwa kwenye mfereji wenyewe, kwa sababu ndio uko karibu. Aliye chini hana la kufanya ila kupokea.

Hili ni jambo la vyama vya watumiaji maji kulizungumzia kabla ya msimu, pamoja na zamu za maji. Mimea iliyonyauka ing'olewe ikiwa na mizizi, itiwe kwenye gunia, ichomwe au izikwe mbali na mfereji. Shamba lenye ugonjwa lipewe maji mwisho katika zamu pale inapowezekana. Anayetoka kulima shamba lenye mnyauko aoshe jembe na viatu kabla ya kuingia kwa jirani, hasa vibarua wanaozunguka mashamba matatu kwa siku. Pesa iliyotumika kwa Trikoderma shamba la chini haiwezi kushindana na mzigo mpya wa vimelea unaoletwa na maji kila wiki.

Pima mwenyewe

Usikubali neno la muuzaji, wala letu. Msimu wa kwanza acha mistari miwili katikati ya shamba bila Trikoderma, kila kitu kingine kikiwa sawa: mbegu ileile, samadi ileile, maji yaleyale. Iwekee vijiti. Hesabu mimea 100 kwenye mistari hiyo na 100 kwenye mistari jirani iliyotiwa, na kila wiki andika iliyonyauka. Tuseme mwisho wa mavuno imenyauka 30 upande mmoja na 8 upande wa pili, bidhaa imejilipia. Ikiwa ni 12 na 9, hujapata jibu, na ni busara kurudia kabla ya kutumia pesa zaidi. Ikiwa pande zote mbili zimekwisha, rudi kwenye glasi ya maji, maana huenda tangu mwanzo adui hakuwa kuvu.

Ukibaki na shaka, mpelekee afisa wa kilimo wa wadi yako mmea. Chagua ulioanza kunyauka jana au leo. Uliokauka kabisa huwa umejaa vijidudu vya kuozesha tu. Uchimbe na mizizi na konzi ya udongo wake, funga mizizi kwenye mfuko wa nailoni, na sehemu ya juu uifunge kwa gazeti kavu. Uufikishe siku hiyohiyo, asubuhi ikiwezekana. Andika kwenye karatasi ulipanda nini hapo misimu mitatu iliyopita, ulitia dawa gani na lini, na maji yako yanatoka mfereji upi.